Waulizeni: mmepima mashamba mangapi?

Leo sielekezi nafasi ya kupandia wala muda wa palizi. Leo nagombana, na ninayegombana naye ni shamba la mfano.

Mnalijua. Liko kando ya barabara, lina bango la kampuni, na siku ya maonesho kuna turubai, soda na kipaza sauti. Upande mmoja mahindi yamempita mtu kimo, yamekoza kijani. Upande wa pili yamedumaa na majani yamegeuka njano. Mtaalamu wa kampuni anavunja hindi, analinyanyua juu ili wa nyuma nao waone, kisha anatamka maneno yaleyale ya kila msimu: "Ndugu wakulima, kuona ni kuamini." Watu wanapiga makofi. Kabla jua halijazama chupa za busta zimeshapungua kwenye boksi.

Mimi nasema kuona kwa namna hiyo hakutoshi, na nasema hivyo nikijua kwamba baadhi ya wenzangu wa ugani watanuna. Shamba moja la mfano halikuambii lolote la kutegemea kuhusu shamba lako. Hata kama kampuni ni kweli tupu, hata kama hakuna aliyechezea kitu usiku, yeye mwenyewe aliyelilima hajui kama ile tofauti imeletwa na busta au na kitu kingine.

Wafanyabiashara wa mpunga mtanielewa kabla ya wote. Lori likisimama na magunia 200, mnunuzi anayejua kazi yake anashika bambo. Hachomi gunia moja la juu akalipa. Anachoma la mbele, la nyuma, la katikati, anamwambia kijana avute lile la chini kabisa lililofichwa, analichoma nalo. Kwa nini? Anajua gunia moja linaweza kuwa safi na la pili lina pumba na mawe. Na akichoma gunia moja mara hamsini, bado amelijua gunia moja tu. Mtu huyohuyo, akifika kwenye shamba la mfano, anaacha bambo nyumbani na kulipa lori zima kwa gunia la juu.

Wa Geita nao wanalijua hili kwa njia ya maumivu. Jiwe moja lenye dhahabu ya kuonekana kwa macho limewaingiza watu wengi kwenye duara ambalo halikurudisha hata pesa ya magogo ya kushikilia kuta. Dhahabu haijapakwa sawasawa ndani ya mwamba kama siagi kwenye mkate. Kiroba kimoja kinacheka, kumi vinavyofuata ni mawe matupu. Rutuba ya shamba ina tabia hiyohiyo, ila yenyewe hailiwi njama na mtu, ndiyo maana hatuishtukii.

Tuanze na udongo wetu wenyewe. Wazee wa Kisukuma hawakuwa na maabara, lakini wana jina la kila udongo: juu kuna luseni, mchanga unaopitisha maji upesi, ukishuka unakuta itogolo, ule unaokakamaa jembe likalia, chini kabisa ni mbuga, nyeusi, inayopasuka kiangazi na kunata masika. Hatua mia mbili tu, umepita udongo wa aina tatu. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliandika jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyofuatana hivyo kutoka kilimani mpaka bondeni, akaupa mfuatano huo jina la katena, yaani mnyororo. Wazee walikuwa wamemtangulia, ila hawakuandika. Sasa mwenye kampuni akiweka kipande chake chenye busta kwenye luseni nzuri na kile cha kulinganishia kwenye itogolo, mnampigia makofi nani, busta au Mungu aliyeumba kilima?

Na kuna boma la zamani. Mahali walipolala ng'ombe miaka kumi iliyopita, mahindi yatastawi hata ukiyasemea maneno mabaya. Macho ya mgeni hayaoni boma lililohama. Mwenye shamba analiona, na ndipo anapomwelekeza mgeni wake, kwa nia njema kabisa, kwa sababu nani hataki shamba lake lipendeze mbele ya watu?

Kama mnadhani nazidisha chumvi, sikilizeni jaribio moja la Uingereza, lililofanywa kwenye kituo cha kilimo cha Rothamsted na kuchapishwa mwaka 1911. Watafiti wawili, Mercer na Hall, walichukua eka moja ya ngano iliyoonekana sawasawa kila mahali. Mbegu moja, matunzo yaleyale, hakuna kilichoongezwa popote. Wakaigawa vipande 500, wakavuna kila kipande peke yake na kupima nafaka yake. Kipande cha chini kabisa kilitoa ratili 2.73, kama kilo 1.2. Cha juu kabisa kilitoa ratili 5.16, kama kilo 2.3. Karibu mara mbili! Ndani ya eka moja, bila busta, bila mbolea mpya, bila chochote. Ningekuwa muuza dawa asiye na haya, ningechomeka bango langu kwenye kile cha kilo 2.3, nikawaita wanakijiji na kuwanunulia soda.

Watasema, "Bwana shamba, sisi hatukuishia kwenye shamba moja. Tuna wakulima watatu, na wote watatu wamevuna zaidi." Vizuri. Tuhesabu.

Chukua maji ya kisima, tia rangi ya kijani, bandika lebo. Mpe mkulima apulizie nusu ya shamba lake. Maji hayo hayafanyi kitu, lakini nusu mbili za shamba hazifanani kamwe, kwa hiyo lazima mojawapo itatoa zaidi. Ni kama kurusha shilingi: mara mwenge, mara kichwa. Wakulima watatu ni kurusha shilingi mara tatu. Kupata upande mmoja mara zote tatu hutokea mara 1 kati ya 8. Maana yake, kampuni 8 zikileta maji ya rangi, kwa wastani moja itaondoka na mashahidi wake watatu wote wakiapa kwamba dawa inafanya kazi, na hawasemi uongo. Zile nyingine 7 hamtazisikia, kwa kuwa hakuna anayeita mkutano kutangaza kwamba dawa yake haikufanya kitu. Ninyi mnakutana na ile moja tu, ikiwa na picha kwenye WhatsApp.

Tuliwahi kuiona habari ya namna hii kama taifa. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa Sh 500. Ushuhuda ulikuwa mwingi mno, na kila ushuhuda ulikuwa na jina na sura. Aliyekunywa akafa hakurudi kutoa ushuhuda. Ushuhuda hauhesabiki mpaka ujue na wale walionyamaza ni wangapi.

Nimekwisha kuwasema wauzaji. Sasa nageukia upande wa pili, ambao watu hawapendi kuusikia, kwa sababu ubaya wa majaribio madogo haupo kwenye kusifia vibaya tu. Jaribio dogo pia huua kitu kizuri.

Tuseme kuna mbolea nzuri kweli. Ukiweka nusu na nusu, katika kila mashamba manne itashinda kwenye matatu. Kwenye la nne mafuriko, mchwa au ng'ombe wa jirani wataharibu hesabu. Kwa hali yetu hiyo ni mbolea ya kuikumbatia. Mradi fulani unakuja, unachagua wakulima 5, na kwa kuwa hautaki kudanganywa na bahati zaidi ya mara 1 kati ya 20, unasema nitaikubali ikishinda kwa wote 5, maana 4 kati ya 5 hutokea mno kwa bahati tu. Haya. Uwezekano wa mbolea hiyo nzuri kushinda kwa wote 5 ni chini ya mara 1 kati ya 4. Yaani kabla hata mvua haijanyesha, kabla mbegu haijaingia ardhini, mradi umeshajipangia kuitupa mbolea nzuri zaidi ya mara 3 kati ya 4. Halafu ripoti inaandikwa: "Hakukuwa na tofauti." Mkulima anaisikia redioni na kuiacha mbolea ambayo ingemlipia ada ya mtoto.

Wenye takwimu wana jina la jambo hili, wanaliita nguvu ya jaribio: uwezo wa jaribio kuiona tofauti ikiwa kweli ipo. Wakulima 5 ni tochi yenye betri iliyokwisha. Usipoona nyoka kwa tochi hiyo, usitangaze kwamba nyumba haina nyoka. Ongeza wakulima wawe 20, ukitaka ushindi kwa 15 au zaidi, na mbolea hiyohiyo itaonekana kama mara 6 kati ya 10. Wafanye 40, ukitaka ushindi kwa 26 au zaidi, na itaonekana zaidi ya mara 9 kati ya 10. Mbolea ni ileile na udongo ni uleule. Kilichobadilika ni idadi ya mashamba.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya. Hesabu bora ya aina hii ninayoijua katika kanda yetu ilifanywa hapahapa ziwani, ila haikuwa ya mahindi. Ilikuwa ya ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine waliuliza swali moja: zahanati za vijijini zikitibu vizuri magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya Virusi vya UKIMWI yatapungua?

Hawakuchagua zahanati moja ya barabarani na kuweka bango. Walichagua maeneo 12, wakayapanga jozi 6 za maeneo yanayofanana: la ufukweni na la ufukweni mwenzake, la barabarani na la barabarani mwenzake, la kisiwani na la kisiwani. Kwa bahati nasibu, moja la kila jozi likaanza kupata huduma iliyoboreshwa, mwenzake likasubiri. Kisha wakafuatilia watu wazima kwa miaka miwili. Matokeo yalitoka mwaka 1995: kwenye maeneo yenye huduma, watu 48 kati ya 4,149 walikuwa wameambukizwa, sawa na asilimia 1.2. Kwenye maeneo ya kulinganishia walikuwa 82 kati ya 4,400, sawa na asilimia 1.9. Na katika jozi zote 6, upande wenye huduma ndio uliokuwa na maambukizi machache.

Zitazameni namba hizo vizuri. Pengo kati ya 1.2 na 1.9 ni maisha ya watu, lakini ni jembamba. Wangechukua watu 100 kila upande, kama miradi mingi ya haraka inavyofanya, wangekuta mgonjwa mmoja huku na wawili kule. Nani angethubutu kusema chochote kwa mmoja na wawili? Wangefunga mafaili, waandike hakuna tofauti, waondoke. Ilibidi kuwafuata watu zaidi ya 8,000 kwa miaka miwili ili jambo hilo lionekane, na waliopanga jaribio walikaa wakahesabu idadi hiyo kabla ya kuanza.

Tena hata baada ya hapo kazi haikuisha. Jaribio jingine kubwa kule Rakai, Uganda, lililotoa matibabu kwa watu wengi kwa pamoja, lilitoa matokeo mwaka 1999 bila kuona upungufu ule wa maambukizi. Wataalamu wakaanza kubishana kuhusu sababu: njia ya kutibu ilikuwa tofauti, na ugonjwa wa Rakai ulikuwa umeenea kwa muda mrefu zaidi. Kama majaribio ya ukubwa huo yanaulizwa maswali, kwa nini shamba lenye turubai lisiulizwe hata moja?

Kuna somo lingine ndani ya hesabu ile ya Mwanza ambalo wauzaji wetu hulipindua kila msimu. Watafiti hawakujidai kwamba wana mashahidi 8,000 wanaojitegemea. Walijua watu wa eneo moja wanaishi maisha yanayofanana, kwa hiyo walirudi kwenye jozi zao 6. Huku kwetu mtu anapima mahindi 50 kutoka kipande kimoja na kutangaza "tumepima mahindi 50." Hapana, umepima shamba moja. Hayo mahindi 50 ni ndugu wa tumbo moja, wamekula udongo mmoja na kunywa mvua moja. Turudi kwa bambo: punje elfu za gunia moja ni gunia moja.

Wenye maduka ya pembejeo nanyi hili linawahusu mfukoni. Mara ngapi mmesikia sokoni kwamba duka fulani linauza mbolea feki, na ukifuatilia unakuta ni mfuko mmoja uliogandamana, mkulima mmoja, na hasira moja iliyosambaa kwa simu? Watafiti waliofanya kazi mkoani Morogoro, na kuchapisha mwaka 2021, walizunguka kwa wauza mbolea wa mkoa ule na kupeleka maabara sampuli zaidi ya 600. Wakulima wengi waliamini mbolea imechakachuliwa. Maabara ilikuta virutubisho vipo kama inavyotakiwa, isipokuwa kwa sampuli chache sana. Kilichokuwa kibaya ni sura: mabonge, vumbi, mfuko uliochakaa. Wakulima walihukumu kirutubisho wasichokiona kwa bonge wanaloliona. Sisemi mbolea zote za Kanda ya Ziwa ni safi, maana Morogoro si Shinyanga na sitaki kufanya kosa lilelile ninalolipigia kelele. Nasema mfuko mmoja haumfungi mtu duka, kama vile shamba moja halimpi mtu kombe.

Sasa, tufanyeje? Usajili upo, na uuliziwe kwanza. Mbegu mpya hupitia majaribio ya sehemu mbalimbali yanayosimamiwa na TOSCI kabla ya kuruhusiwa. Mbolea husajiliwa na TFRA. Viuatilifu na TPHPA. Kisicho na usajili kisiingie hata kwenye mazungumzo. Lakini usajili hauwezi kukuambia kama kitakulipa wewe, kwenye itogolo yako, kwa mvua ya mwaka huu. Hilo mnaweza kulipima wenyewe, na gharama yake ni aibu kuitaja jinsi ilivyo ndogo.

Tuseme busta ni Sh 18,000 kwa eka. Wakulima 200 wa kijiji wakinunua ya eka moja moja baada ya siku ya turubai, Sh 3,600,000 zimeondoka kijijini kwa ushahidi wa shamba moja. Badala yake chagueni wakulima 40. Kila mmoja apime vipande viwili vinavyokaribiana, mita 10 kwa 10, udongo mmoja, mbegu moja, siku moja ya kupanda. Vipande 40 vya kupuliziwa ni mita za mraba 4,000, ambazo hazifiki hata eka moja kamili. Yaani kijiji kizima kinajaribu kwa chupa moja! Sh 18,000. Kampuni inayojiamini itatoa chupa hiyo bure, na isiyotaka kuitoa imeshajibu swali lenu.

Masharti ni machache, ila hayana msamaha. Kipande kipi kipuliziwe kiamuliwe kwa kurusha shilingi mbele ya mashahidi. Si mwenye shamba, si kampuni, si mimi. Kipande cha pili nacho kipuliziwe maji matupu kwa bomba lililooshwa, siku ileile, ili kisionewe. Palizi na mbolea ya kukuzia viwe sawa pande zote. Anayepima kwenye mizani asiambiwe kipi ni kipi. Na mkubaliane kabla ya kupanda, kwa maandishi, kwamba ushindi ni vipande 26 au zaidi kati ya 40. Ukiacha kuliandika hilo mapema, siku ya mavuno kila mtu atakuja na hesabu yake. Aliyeshindwa kwa kilo ataanza kusifia rangi ya majani.

Mizani ni ya lazima, macho yapumzike. Mahindi yakiwa Sh 600 kwa kilo, chupa ya Sh 18,000 inarudi kwa kilo 30 za ziada kwa eka. Kwenye kipande cha mita 10 kwa 10 hiyo ni robo tatu ya kilo. Hakuna jicho la binadamu linaloona robo tatu ya kilo shambani, na niwe mkweli, hata mashamba 40 yanaweza yasiione. Tofauti ikiwa ndogo sana, idadi ya mashamba inayohitajika inapanda kwa kasi: ukitaka kuona nusu ya tofauti, unahitaji kama mara nne ya mashamba. Lakini muuzaji wenu hakuahidi robo tatu ya kilo. Aliahidi gunia nne zaidi kwa eka, nilimsikia kwa masikio yangu. Gunia nne ni kilo 400, yaani kilo 10 nzima kwa kila kipande. Kama ni kweli, mashamba 40 yataiona bila shida, na nitakuwa wa kwanza kumbebea boksi. Pimeni kile alichoahidi, kwa ukubwa aliouahidi.

Najua majibu yatakayokuja. Mzee mmoja pale sokoni Kambarage aliniambia, "Bwana shamba, sisi tumelima miaka yote bila hesabu zako." Kweli mzee wangu, na heshima yako naitunza, lakini umelima mbegu zilizojaribiwa na baba yako, na babu yako, kwenye mashamba mengi kwa misimu mingi. Hiyo ndiyo sampuli kubwa kuliko zote, ila haikuandikwa. Busta ya mwaka huu haina babu.

Wengine watasema kijiji hakiwezi kukubaliana watu 40. AMCOS zinakusanya wanachama zaidi ya hao kwa ajili ya mkutano wa pamba, na wanakaa kutwa nzima. Na wenzangu wa ugani watasema bajeti haitoshi kwa mashamba 40, ndiyo maana tunaweka moja. Nimeshaonesha gharama ya dawa ni chupa moja. Kinachobaki ni miguu na mizani. Kama kweli tunaweza kulima moja tu, basi tuliite bustani ya maonesho na tuwaambie watu waje kutazama, tuache kuliita utafiti.

Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba zikiwa na huruma, kwa hiyo muda upo lakini si mwingi. Mkulima wa mahindi anayetaka kuingia kwenye 40 aje ofisi ya kata siku za kazi asubuhi na mambo matatu kwenye karatasi: ukubwa wa shamba, aina ya udongo kwa jina la Kisukuma, na kama palikuwa na boma la ng'ombe pale, lilihama mwaka gani. Mwenye mizani ya kilo 50 inayosoma sawasawa, naomba aje nayo. Nitaijaribu kwa jiwe kwanza.